Radhi Ambayo Swafiya Hakuiomba

Aliyeileta habari ni Bi Mwanamkisi, jirani yetu wa mlango wa pili. Alikuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi, akakaa kizingitini.

"Wamsikia Swafiya? Ameingia unga kama nduguye. Sasa awaimbia wana wetu rap ili wamfuate."

Nilikuwa namnyonyesha mtoto. Swafiya ndiye fundi wa hina aliyenipamba siku ya harusi yangu. Nduguye Rayyan alikufa mwaka jana kwa unga wa kulevya, lakini mikono ya Swafiya haijatetemeka hata siku moja. Mtu wa unga hachori kwa piko, ile rangi nyeusi, jani jembamba kama uzi.

"Na mwanao Hadil nimemsikia akiuimba wimbo wake ndiani, aenda madrasa," akaongeza.

Ilikuwa kweli. Hadil ana miaka saba, na wimbo ule anaujua kuliko jedwali la mbili. Swafiya aliurikodi kwa simu, ukaenea mji wetu wote wa Amu kwa siku tatu. Mwanzoni anakiri mwenyewe: rap iliwashika yeye na Rayyan wangali wadogo, wakavaa kofia upande, wakamjibu mama yao vibaya. Wengi husikiza hapo tu, wakazima. Mbele kuna haya:

*Mwasema ni rap ilomharibu ndugu yangu,*
*Rap haikubisha na unga mlangoni pangu.*
*Alobisha mwamjua, mwamtandikia zulia,*
*Mimi namsema kwa rap, nyinyi mwamuamkia.*

Hapo ndipo palipouma. Harusi mbili zikatafuta fundi mwingine. Ya tatu ilikuwa ya Umulkheir, bintiye Bi Mwanamkisi, Alhamisi ile.

"Aombe radhi mbele ya wanawake na aufute wimbo, tutamwita," alisema Bi Mwanamkisi akiinuka na mbuzi yetu. "Asipoomba, hina akampake paka wake."

Kwetu mtu akikosa, jirani hutangulia kumwombea radhi, ili asiaibike. Nikanunua halwa, nikapita kwa Swafiya kwanza. Nilimkuta anachekecha hina.

"Halwa ya nani?"

"Ya Bi Mwanamkisi. Nitamwambia ulikuwa na huzuni ya ndugu, hukujua usemalo."

Akaweka chekecheke chini. "Dada, nilijua kila neno. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili sikuweza kutaja hata jina langu mbele ya watu. Rap ndiyo iliyonifungua ulimi. Leo niufunge kwa ajili ya harusi?"

"Utakula nini, Swafiya?"

"Wageni wa hoteli za Ras Kitau nao wana mikono." Kisha sauti ikashuka. "Aliyemuuzia Rayyan alikuja mazishini. Alilibeba jeneza, tena mbele. Nani alimwambia aombe radhi?"

Mtoto alilia mgongoni, nikamtikisa. Swafiya akamgusa mguu kwa kidole chake chekundu, akanitazama usoni.

"Nina ombi moja. Nenda kwa Bi Mwanamkisi, lakini usiniombee radhi. Msomee wimbo wote, kwa sauti yako, mpaka mwisho. Mimi nikianza, watu huondoka. Wewe hujamsema mtu vibaya mtaa huu, hawatakukata kauli."