Mlima wa Ngomo Ndani ya Gereji ya Old Town

Baba yangu alikuwa na gari moja na mlima mmoja, na mlima wenyewe haukuwa Malawi.

Gari lilikuwa basi dogo la Kijapani, mtumba, na chini ya viti vya mbele lilikuwa na injini yenye kompresa, yaani mashine inayozungushwa na mkanda na kuisukumia injini hewa kwa nguvu. Baba aliiita "kompresere", kwa Kifaransa, amenyoosha mgongo, utadhani anataja cheo chake. Mlima ulikuwa Ngomo, kwenye barabara ya Bukavu kwenda Uvira, kwetu Kivu Kusini, ambako kabla ya vita aliendesha magari ya watu. Tulikuwa tumeishi Dzaleka, kambi ya wakimbizi, miaka mingi, mimi shule nimeimalizia pale kambini, na bado basi likikohoa kidogo tu kwenye tambarare, baba alitikisa kichwa: "Ku Ngomo hii haitafika."

Lilipoanza kuishiwa nguvu kabisa, mchungaji wetu alikuja kuliombea. Akafumba macho, akanyoosha mkono wa baraka, akalishika bomba la moshi likiwa bado la moto. Akanena kwa lugha. Ndiyo mara pekee nilipoamini kwamba zile lugha zinamtoka moyoni.

Basi ikabidi twende Lilongwe kutafuta gereji. Mimi nilipelekwa kama mkalimani, maana Chichewa cha baba kilianza na kuishia kwenye zikomo, yaani asante. Mama alikuja kwa sababu zake. Alikuwa mshonaji, sare za shule na nguo za kwaya, na vitambaa alivitoa Old Town ya Lilongwe kwa basi hilohilo. Alikuwa amepata kibanda pale soko la kambini, na mwenye kibanda alitaka jibu. Njia nzima alikuwa anamuuliza baba swali moja.

"Baba batoto, tunabakia ao tunarudia?"

"Ngoja kwanza nitengeneze motere."

Fundi wa kwanza alikuwa mtaa wa Mtandire, chini ya mabati yaliyotoboka. Hakuwa na mashine ya kupimia. Njia yake ilikuwa kuliendesha gari, kusikiliza, kusimama, kufungua plagi na kuangalia rangi yake, kurekebisha kidogo, kisha kuondoka tena. Alitaka kujua jambo moja tu: gari linatembea barabara gani, ili alipimie hukohuko.

"Umuambie Ngomo," baba akasema.

Nikamwambia. Fundi akakuna kichwa, akaangalia upande wa mjini, ambako kila mtaa huitwa Area na namba yake. "Iko Area ngapi?"

Nilicheka mpaka nikashika mlango wa basi. Baba hakucheka. Aliamua papo hapo kwamba yule bwana ni mjinga, kwa kosa la kutoijua Kivu Kusini.

Fundi wa pili alikuwa nyuma ya maduka ya jumla, Old Town, na huyo alikuwa na rola. Gari linafungwa minyororo, magurudumu ya nyuma yanazunguka juu ya rola, na rola zikikazwa injini inaona kama inapanda mlima. Kwa njia yake, kompresa ingefungwa puli ndogo zaidi ya kupitishia mkanda, izunguke haraka na kusukuma hewa nyingi; na petroli ingeongezwa, la sivyo pistoni zingeungua. "Litakunywa sana," alionya, "lakini litapanda ukuta."

Nilipotafsiri ukuta, uso wa baba ukang'aa.

"Na mi niko naendaka ku ukuta gani?" mama akauliza.

Wakalifunga basi kwa majaribio. Fundi akataka aelezwe huo mlima: mrefu kiasi gani, mzigo kiasi gani, unaanza kukaza wapi. Baba akakaa kwenye usukani, akakanyaga mafuta, akaanza kusimulia, na mimi nyuma yake natafsiri kwa sauti juu ya ngurumo. Rola zikakazwa. Basi likatetemeka palepale lilipo, na baba, Mungu wangu, akaanza kukata kona. Fundi akanipigia kelele nimwambie aache usukani. Hakuacha.

"Hapa iko bamama benye banauzishaka avoka," alisema. Nikatafsiri: maparachichi. "Hapa unarudisha vitesi." Nikatafsiri: gia. "Kiisha iko daraja."

Injini ikaendelea kunguruma.

"Ile daraja," akasema, "sijue kama ingali."

Akaondoa mguu. Nilikuwa nimeshaandaa mzaha wangu, nikauacha. Nikashikwa na hasira, si juu yake, bali juu ya kila mtu aliyemfanya mzee mzima apande mlima wake akiwa amefungwa minyororo ndani ya gereji. Mama alishusha macho kwenye marobota ya vitambaa aliyokuwa amenunua pale madukani.

Hatukubadilisha puli. Tukarudi Mtandire, na yule fundi mjinga akauliza tena, kwa upole, gari linatembea barabara gani.

"Dzaleka," baba akasema mwenyewe. Safari hii sikuwa na cha kutafsiri.

Tukaondoka wote na marobota, fundi kwenye usukani, mama mbele kwa sababu baba alisisitiza. Kila fundi aliposimama kuangalia plagi, baba alimsogelea mama dirishani.

"Ni fasi gani, wapi, motere inachokaka, ukiwa na mizigo yako?"

Mama alisubiri mpaka tukakaribia kambi. Akaonyesha kwa kidole kilima ambacho mtu wa Bukavu angeona aibu kukiita kilima. Injini ikaanza kukohoa. Fundi akapunguza mwendo, akageuka nyuma kumtazama baba.

"Ni hapa?"

Baba alikiangalia kile kilima.

"Njo hapa," akasema, nami nikatafsiri: ndipo.

Mama alikuwa amegeuzia uso dirishani. "Kile kibanda," akasema, bila kutuangalia, "nitatia dirisha ku upande ya barabara."