Mshipa wa Baba

Nilipokuwa ng'ambo nikisomea upasuaji wa mishipa ya damu, tulifundishwa kwanza kwa kompyuta. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi wa kakao walipoanza kufika Kyela na mizani zao, na nyumbani kwetu Ikolo bado tulikuwa tukiwasha chemli. Kule nilikaa mbele ya kioo, nimeshika vyuma viwili, nikishona mishipa ya mtu asiyekuwepo. Ukikosea, kioo kilijaa wekundu. Ukibonyeza kitufe, mgonjwa alikuwa mzima tena.

Mashine ile ilikuwa na akili ya kujifunza. Ilitazama mikono yetu siku hadi siku, mwishowe ikatujua. Taa ya manjano iliwaka kabla sijakosea, wakati mimi mwenyewe nadhani mambo yanakwenda sawa. Mwalimu wetu alifurahi mno. Mimi iliniogopesha, ila sikumwambia mtu.

Nikaja likizo. Mama alinipokea barabarani, na kabla hatujafika nyumbani akasema, "Baba yako siku hizi hali chakula vizuri. Mgongo unamuuma. Anasema ni jembe."

Nilimkuta uani. Nikamsalimia, "Ugonile, baba," akacheka kusikia bado sijasahau Kinyakyusa. Nikamwomba alale mkekani, nikaweka kiganja juu ya kitovu chake. Kulikuwa na kitu kinachodunda, kila pigo likisukuma vidole vyangu vitawanyike. Kwenye kioo nilikuwa nimekiona mara nyingi. Hakikuwahi kuwa na joto.

"Unasikia nini?" akauliza.

"Mshipa mkuu wa damu umevimba, baba. Ukipasuka hatutakuwahi."

"Labda ni moyo, umeshuka kukusalimia."

Mama hakucheka, wala mimi.

"Huko unakosoma, umeshawatibu wenye ugonjwa huu?"

"Kwenye mashine."

"Walipona?"

"Wengine."

"Na wasiopona mliwazika wapi?"

"Tulibonyeza kitufe, wakaamka."

Akavuta shati lake, akalifunika tumbo.

Alikubali kwenda Mbeya kwa sababu mama alilia. Tulipanda basi asubuhi, mimi na yeye; mama alibaki nyumbani. Kuelekea Tukuyu ukungu ulishuka mpaka dereva akawasha taa, na kila basi lilipoingia shimoni nilimwangalia baba usoni. Alikuwa amefumba macho. Sijui kama kweli alilala.

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mzima, mpole. Alimpima baba, akaniita pembeni.

"Dar es Salaam hafiki," alisema. "Nami mshipa huu nimeufungua mara chache sana. Si desturi mtoto kumpasua mzazi wake, lakini sina mwingine wa kunisaidia. Utaweza kusimama nami?"

"Nitaweza."

Kabla ya dawa ya usingizi baba alinishika mkono wa koti. "Mama yako asibebe maji mwenyewe," akasema. "Lile bega lake bado halijapona." Kisha macho yake yakalegea.

Tulipofungua, daktari aliuliza, "Kule mlifundishwa kubana wapi?" Nikamwonyesha. Alitazama, akakubali kwamba ndipo. Lakini ukuta wa mshipa wa baba ulikuwa mwepesi kama ganda la kitunguu, na uzi ulipokazwa, ukuta ukachanika. Damu ilikuja na joto lake na harufu yake. Nilijikuta nimeinua macho natafuta taa ya manjano, na mbele yangu palikuwa na ukuta mweupe tu. Tukabana tena. Tukashona tena. Nesi alileta chupa za damu hadi zikaisha.

Daktari akaweka mkono wake juu ya wangu. "Basi, mwanangu. Achia."

Sikuachia. Ikabidi anifungue kidole kimoja kimoja.

Tulimrudisha kwa gari la kukodi. Habari zilikuwa zimetutangulia Ikolo, na kilio kilitupokea tukiwa bado mbali. Mama hakuuliza kilichotokea. Aliwapita wanawake waliokuwa wamemshika, akaja hadi niliposimama.

"Ni wewe uliyekuwa naye?"

"Ni mimi, mama."

"Ndaga," akasema. Ndivyo tunavyoshukuru kwetu. Hakunitazama alipolisema. Akaingia ndani na wenzake, mlango ukarudishwa, nami nikabaki uani, sijui kama naruhusiwa kumfuata.