Mbweha Aliyepakwa Mafuta

Mwezi uliopita nilikuwa Songea kwa shughuli za ukoo, nikafikia nyumba ya wageni moja pale Mfaranyaki, ya kawaida tu, yenye mashuka safi na chai ya rangi iliyokolea tangawizi. Asubuhi ya kwanza nimekaa mezani na chapati yangu, nikainua macho, nikaona ukutani picha iliyokatwa kwenye kalenda ya zamani na kutiwa fremu. Mbweha amesimama kando ya mti, shingo juu, macho yanang'aa. Kwenye tawi lililo juu yake kindi ameshika tunda kwa mikono miwili. Chini yameandikwa maneno: Uhai wa Misitu Yetu. Nilitoka nje nikaitema chapati iliyokuwa mdomoni.

Dada wa mapokezi alidhani chapati ina kasoro, akaanza kuomba radhi. Nikamwambia chapati haina neno, tatizo ni hiyo picha. Akaigeukia, akasema wageni wengi huipenda, wengine hata huipiga kwa simu zao. Utamwambiaje mtu asiyekukosea kitu kwamba huo anaouona uhai wa misitu ni mizoga miwili, tena iliyokwisha kuanza kunuka, na kwamba kinachong'aa machoni mwa mbweha ni mafuta ya kujipaka ya bibi yangu?

Basi ngoja nikueleze wewe, maana nikikaa nayo peke yangu nitatapika tena.

Nimelelewa na bibi upande wa Madaba, katika kijiji ambacho siku hizo msitu ulianzia nyuma ya choo. Mvua za kwanza zikishanyesha, masuku, matunda ya mti wa mkusu, yanaiva, na hapo ndipo sisi watoto tulipokuwa tunaishi maisha yetu yote ya mwaka. Ukiyabonyeza yaliyoiva, ganda linapasuka na ile nyama ya njano inakubaki vidoleni, tamu mpaka unasahau umetumwa kuni. Uyoga nao unachomoza chini ya majani. Bibi alijua upi wa kula na upi wa kuacha, akipika na karanga, ugali wa moto pembeni, na nyumba nzima ikinuka moshi na udongo uliolowa. Sijawahi kula chakula kizuri kama kile, na nimekula katika hoteli zenye vitambaa mezani.

Kindi walikuwa wenzetu wa masuku. Ukikaribia mti wao wanakutukana kutoka juu, mkia unarukaruka kwa hasira, na bibi huwajibu kwa Kingoni kana kwamba ni wajukuu wake wengine wasio na adabu. Mbweha alikuja jua likikaribia kuzama. Alikuwa mmoja, jike, mwenye mstari mweupe ubavuni, akiokota masuku yaliyoanguka kwa utaratibu, anakula mawili matatu, anasikiliza, anakula tena. Bibi alinifundisha kukaa kimya kwenye gogo bila hata kujikuna. Kuku wake alikuwa anawafungia mapema na jiwe mlangoni, basi, ugomvi na mbweha hakuwa nao. Alisema huyo naye ana watoto wanaomngoja. Kwangu ile ilikuwa sinema, na sikuijua nyingine.

Likizo moja ya Desemba mwenyekiti wa kijiji akatuletea mgeni. Nyumba ya bibi ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na msitu, na ndiyo iliyokuwa na chumba cha akiba. Mgeni alikuwa kijana nadhifu wa Dar es Salaam, viatu vyeupe, manukato ya kukuumiza kichwa. Alibeba begi moja kubwa, na mfuko mwembamba mrefu ambao hakutaka mtu mwingine aushike. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku anatazama mti. Bibi alimchinjia jogoo. Wakati wa kula alikuja jirani yetu, mwindaji mwenye mbwa watatu waliokonda, na hapo mgeni akaeleza shida yake.

"Nimekuja kupiga kindi na mbweha," alisema. "Nikipata hata mbweha mmoja mzuri nitashukuru."

Sasa wewe unayesoma umeshajua alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu nimeanza na picha. Sisi hatukujua. Kumbe wapiga picha wenyewe kwa wenyewe neno "picha" hawalisemi. Wanapiga harusi, wanapiga ubatizo, jana nimempiga askofu, kesho nampiga bibi harusi. Kwetu Madaba, kwa Kiswahili tulichojifunza juu ya Kingoni chetu, kupiga mnyama ni kumpiga mnyama mpaka afe. Na ule mfuko mrefu wenye miguu ya kusimamishia kamera wote tuliuona kuwa una bunduki. Jirani alifurahi sana, maana mbweha alikuwa ameshamlia kuku. Akamwambia mgeni asihangaike, apumzike na safari, wao watampigia.

"Mnaweza?" mgeni akauliza, akicheka.

"Tangu utoto," jirani akamjibu.

Mgeni alidhani anataniwa. Alikwenda kulala. Mimi nilimuuliza bibi kama watampiga yule wetu, akasema mbweha wako wengi msituni, nilale. Ila nilimwona anageuza macho.

Asubuhi uani kwetu kulikuwa na kindi wengi wamepangwa juu ya jani la mgomba, vichwa vimepondwa kwa manati, na pembeni yao mbweha. Alikuwa yeye. Mstari mweupe ubavuni, sikio moja limechanwa na mbwa, chuchu zimevimba maziwa. Jirani amesimama na rungu lake, anangoja shukrani. Mgeni akatoka na mswaki mdomoni, akaona, akasimama. Akauliza hivi ni vitu gani. Jirani akamjibu kwamba ndivyo alivyoagiza. Hapo ndipo mgeni alipofungua begi akatoa kamera, na watu wazima wote waliokuwepo wakatazama chini. Hakuna aliyecheka.

Laiti mambo yangeishia hapo, ningekuwa leo nasimulia kichekesho. Kosa la neno ni kosa tu. Angesikitika, tungesikitika wote, jirani angekwenda kula kindi wake. Lakini yule kijana alizunguka ile mizoga mara mbili, akamgeuza mbweha kwa ncha ya kiatu, akasema afadhali hivi hivi, hawa hawatakimbia.

Na hapo bibi akapata hamu yake. Lazima nikuambie jambo moja kuhusu bibi. Hakuwa na picha. Hajawahi kupigwa hata moja. Wenzake wa jumuiya walikuwa nazo ukutani, wamevaa vitenge wameshika rozari, na kila akirudi kutoka kusali nyumba ya mtu alikuwa anazisimulia: fulani ametoka vizuri, fulani amefumba macho. Kwenye mazishi ya kwetu picha ya marehemu hutangulia mbele ya jeneza pamoja na msalaba. Bibi alikuwa ameshaniambia zaidi ya mara moja anachokitaka. "Nikifa watu wamwone wanayemzika," alisema, "siyo waone sanduku."

Basi alimwendea yule kijana, akamwomba apigwe moja. Kijana akamwambia haina shida, bibi, wewe nitakumalizia mwishoni, mwanga ukitulia.

Bibi akaenda kuoga. Akavaa gauni lake la Pasaka, la bluu, akajifunga kilemba, akatoa kiti akakaa chini ya ukingo wa paa. Akaanza kungoja. Na kwa sababu alikuwa anangoja, kila alichoombwa alitoa.

Aliombwa sindano na uzi, akatoa. Kijana akamshona mbweha sikio. Aliombwa waya, ukatolewa ule wa kuanikia nguo, ukapitishwa kwenye miguu ya nyuma mpaka mzoga ukasimama umeegemea mkusu, fimbo chini ya kidevu. Kindi mmoja, ambaye kichwa chake kilikuwa kimesalimika kidogo, alipigiliwa tawini kwa misumari miwili, vidole vyake vikafungwa uzi juu ya suku. Macho yalikuwa yameshaingiwa ukungu, hayapendezi. Akaomba mafuta ya mgando. Bibi akamletea kopo lake, lile la kujipaka Jumapili tu, na yule mtu akachovya kidole, akampaka mbweha kwenye mboni ya jicho. Akachovya tena kwenye kopo lile lile, kwa kidole kile kile.

Mpaka leo siwezi kuona kidole kinaingia kwenye kopo la mafuta. Nageuza uso.

Jua likapanda. Desemba kwetu, mvua ikikatika, joto linatoka chini. Mbweha akaanza kuvimba. Nzi walikuja, wa kijani, wakajaa mdomoni na kule chini, na maziwa yakawa yanamtoka yenyewe, yanadondoka, yamechanganyika na majimaji mengine. Sisimizi walikuwa wanaingia pua hii wanatokea ile. Kijana alijifunga leso usoni, anapuliza nzi, anakimbilia kamera, anapiga, anarudi kupuliza. Alikuwa anafurahi. Hicho ndicho kilichonichefua kuliko harufu: alikuwa anapiga mluzi. Aliniita nije nione kwenye kile kidirisha cha kamera jinsi anavyopendeza. Nikaweka jicho. Ndani mle, rafiki yangu, alikuwa hai. Amesimama, anasikiliza, kama jioni zote zile. Nikaondoa jicho, nikaona waya. Nikatapikia viatu vyangu.

Jirani alikuwa amekaa pembeni muda wote huo, rungu katikati ya magoti. Huyu ndiye aliyeua, na alikuwa anaua kila wiki, ila uso wake ulikuwa umekunjamana kuliko wa mtu yeyote.

"Mimi nimeshampiga," akamwambia bibi. "Sasa huyu bado anapiga nini?"

Bibi alipeleka mikono kichwani. Alikuwa anaweka sawa kilemba. Kindi waliobaki mke wa jirani alikataa kuwapika, wakatupwa, na hata mbwa hawakuwagusa.

Alasiri mwanga ukatulia kweli, ule wa dhahabu unaopita katikati ya mikusu. Bibi akasogeza kiti uani, akakaa wima, mikono mapajani. Nilimpangusa vumbi miguuni. Kijana akainua kamera, ikalia mlio mwembamba, ndani yake kitu kikaanza kujizungusha chenyewe. Akaishusha.

"Filamu imekwisha, bibi," alisema, na alikuwa anatabasamu. "Mbweha amekula yote."

Akasema atarudi. Akasema bibi ataitwa mjini apigwe vizuri, na taa. Akafunga begi, akashukuru kwa jogoo, akaondoka na lori la mahindi lililokuwa linakwenda Songea. Mbweha akamwacha na waya wake, amesimama pale mtini, macho yanang'aa.

Bibi alibaki kitini mpaka jirani alipomfungua yule mnyama na kumfukia. Kisha akavua gauni, akalikunja. Kopo la mafuta alilichukua kwa jani, kama mtu anayeokota mavi ya mbwa, akalitupa chooni. Kwa siku kadhaa tukawa tunasikia watoto wa mbweha wakilia huko msituni. Halafu hatukuwasikia tena. Masuku ya mwaka ule yaliozea chini, mimi sikwenda.

Kijana hakurudi. Bibi alimngoja, usidanganyike kwa sababu alitupa kopo. Kila lori likisimama barabarani alichungulia. Miaka ikapita, mimi nikawa shule ya bweni, na barua ya kuniita ilipofika alikuwa ameshakufa, amelazwa sebuleni. Mbele ya jeneza alitangulia mtoto mmoja mwenye msalaba. Mwenzake wa kushika picha hakuwepo. Mama mmoja kutoka jumuiya nyingine aliniuliza njiani, kwa nia njema tu, marehemu alikuwa mweusi au maji ya kunde.

Msitu haupo sasa. Nyuma ya choo ni mahindi, halafu misonobari ya mtu wa mjini, mistari mitupu isiyo na ndege. Wapwa zangu hawajui suku lina ladha gani, na kindi wanamwona kwenye simu, akicheza muziki. Nawatazama wanavyomchekea, najiuliza waya umepita wapi.

Yule mbweha nimemwona tena pale Songea, unywele kwa unywele, na najua hata sikio lililoshonwa ni lipi. Bibi nilijaribu kumkumbuka usiku ule kitandani. Gauni lilikuja, kilemba kikaja, mikono mapajani ikaja. Uso haukuja.