Pikipiki Iliyosimama Miezi Kumi na Mmoja

Si kweli kwamba Bernadina Qamara wa Qurus alimuuzia Loserian pikipiki mbovu huku akijua ni mbovu. Si kweli kwamba aliazima betri nzima siku ya kuuza, kisha akairudishia ile iliyochoka mnunuzi alipokuwa ndani akinywa chai. Maneno hayo yalianzia kwenye foleni ya mashine ya kusaga, yakapanda mjini Karatu siku ya mnada, na yalipofika kanisani yalikuwa yameshaota mikono na miguu. Waliokuwapo gereji kwa Lazaro siku zile mbili wanajua kilichotokea, na kilichotokea ni hiki.

Bernadina alifundisha fizikia sekondari kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza na stashahada, akarudi chuoni akiwa na watoto wawili akachukua shahada, na hakuna mwanafunzi wake anayeweza kusema alipewa alama asiyoistahili, iwe ya juu au ya chini. Mumewe, Raphaeli, alikuwa bwana shamba. Kwa pikipiki ile nyekundu alishuka mpaka Baray kuangalia vitunguu na mbaazi za watu, na mkulima akiambiwa na Raphaeli kwamba mbegu fulani itaota, alipanda bila kuuliza mara ya pili. Jioni mlio wake ulisikika tangu kwenye kona ya chini, na Bernadina alijua ni wakati wa kubandika chai.

Raphaeli alipofariki kwa moyo, ukoo ulikaa mwezi mmoja baada ya mazishi na kukubaliana kama ilivyo desturi ya nyumba yao: chombo cha marehemu kisipandwe mpaka misa ya mwaka ipite. Pikipiki ikafungiwa stoo. Adrian, mdogo wake marehemu, alisema kutopandwa ni sawa, lakini iwashwe walau mara moja kwa wiki, iungurume kidogo, betri isife. Yuko tayari kuja mwenyewe kila Jumamosi. Bernadina alikataa. Funguo alikaa nazo yeye. Kila Jumamosi alifungua stoo, akaifuta vumbi kuanzia taa mpaka kibao cha namba, akafunga. Ikapita miezi kumi na mmoja hivyo.

Baada ya misa, ukoo uliruhusu iuzwe. Adrian alipeleka betri mjini ikachajiwa, ikarudishwa, injini ikawaka kwa mguso mmoja. Loserian, mnunuzi wa mifugo kutoka Wasso, alikuja na binamu yake awe shahidi. Aliijaribu barabarani, akasikiliza injini, akapiga honi mara mbili, wakashikana mikono mbele ya watu. Ng'ombe huuzwa hivyo, naye hakuona kwa nini pikipiki iuzwe vingine.

Wiki ya tatu alirudi nayo juu ya lori la mifugo. Hakupaza sauti.

"Yeyo," alimwambia Bernadina, kama Wamasai wanavyomwita mama, "hii kitu kila asubuhi imekufa. Napiga kiki mpaka goti linavimba. Na taa yake sasa ni jicho la mzee."

Dorkasi, jirani wa uzio mmoja, alikuwa amesimama palepale na ndoo. Kabla jua halijazama, kulalamika kwa Loserian kulikuwa kumegeuka utapeli wa Bernadina, na utapeli wa Bernadina ukawa utapeli wa marehemu, aliyedaiwa kuificha ile hitilafu miaka yote. Adrian alimshauri shemeji yake anyamaze. Mtu alijaribu mwenyewe, shahidi alikuwapo, biashara imekwisha. Bernadina alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba watu walipanda mashamba yao kwa neno la Raphaeli, na neno hilo haliwezi kuchafuliwa na betri. Pikipiki ingepimwa hadharani, na mita ingesema lolote itakalosema.

Lazaro ni fundi wa miaka mingi, mtu wa utani lakini si wa kubahatisha. Siku hiyo gereji ilijaa. Dorkasi naye alifika, akasema anatafuta tairi la baiskeli.

Lazaro alianza na vichwa vya betri. Alivisugua kutu, akavikaza. Akapiga kiki, injini ikaunguruma, na Bernadina akaomba kiti. Lazaro akaweka mita kwenye betri: injini ikiwa ya taratibu, volti kumi na tatu na kidogo, alipopiga resi, kumi na nne na robo. Akawaeleza waliozunguka kwamba mtambo wa kuchaji ni mzima, umeme unazalishwa na unafika. Kwa hiyo kama betri inakufa, ama inanyonywa ikiwa imelala, ama yenyewe haina uwezo wa kuhifadhi.

Alizima, akatoa ufunguo, akachomoa waya hasi na kuipitisha mita katikati. Pikipiki iliyozimwa haitakiwi kula kitu. Hii ilikuwa inakula. Akafungua kiti, akafuata waya mmoja baada ya mwingine, akatoa jozi ya nyaya nyembamba zilizofungwa moja kwa moja kwenye betri, na mwisho wake matundu manne ya kuchajia simu.

"Haya, mfugaji," alisema Lazaro, "wewe una ndama mmoja hapa au boma zima linanyonya?"

Watu walicheka, na Loserian akacheka nao, ingawa si sana. Akakubali: kwao hakuna umeme, simu za mke wake Naisenya, za kaka zake na za majirani zilikesha pale. Alipoulizwa kama zilichomolewa asubuhi, alisema kifaa chenyewe hakikuchomolewa tangu kifungwe.

Adrian aliinama sikioni kwa Bernadina. "Shemeji, umeona. Ni yeye. Sema basi, twende nyumbani."

Angeweza. Umati mzima ulikuwa tayari, na Dorkasi alikuwa ameshageuza shingo kumtazama Loserian.

"Tumepima kinachonyonya," Bernadina alisema, kwa sauti ya kufika nyuma ya darasa. "Betri yenyewe bado hatujaipima. Lazaro, toa nyaya hizo, ichaji mpaka ijae, uiache peke yake mpaka kesho."

Kesho yake walirudi wote, na wengine zaidi. Betri ikiwa imetulia ilionyesha volti kumi na mbili na nusu. Adrian akatabasamu. Lazaro akaifunga, akamwambia Loserian abonyeze stata, yeye akikodolea mita. Ikaanguka mpaka saba. Stata ikakohoa, ikanyamaza. Betri nzima haitakiwi kushuka hata chini ya tisa na nusu.

"Hii imekufa ndani," alisema Lazaro. "Nje inajifanya imejaa, ukiidai kazi haina kitu. Mwalimu, kabla ya kuuzwa ilikaa muda gani?"

"Miezi kumi na mmoja."

"Bila kuwashwa?"

"Bila kuwashwa."

Kisha Bernadina akasimama, akawaeleza kama alivyowaeleza wanafunzi miaka thelathini na mmoja: betri ikiachwa tupu muda mrefu, bamba zake za risasi hushikwa na chumvi ngumu, na kuichaji siku moja hakuziondoi. Nyaya za simu ziliharakisha tu. Betri ilikufa stoo kwake, kabla ya kuuzwa, na yeye, mwenye shahada ya fizikia, alipaswa kujua. Hakudanganya, alikosea. Raphaeli hakuhusika.

Betri mpya iliwekwa palepale kwa gharama yake. Ilipobonyezwa stata, haikushuka chini ya kumi na nusu. Lazaro akaunganisha nyaya za simu upya zipitie kwenye swichi, ili ufunguo ukitolewa nazo zikatike. Loserian alimshika Bernadina mkono mbele ya watu na kusema kwamba alinunua kwa watu safi, na kwamba atalisema hilo Wasso.

Pikipiki ikaondoka. Bernadina alikaa akiusikiliza mlio ule wa jioni mpaka ulipopotelea upande wa lami, kisha akainuka.

Dorkasi alikuwa bado yupo. Aliuliza, kwa upole kabisa, sasa kwa nini mtu aliyesoma hivyo, na shemeji amejitolea kuja kila Jumamosi, alikataa isiwashwe hata mara moja.

"Hilo silisemi," alisema Bernadina, na hakulisema.