Siku Mandhari ya Kamati Ilipotuua Wazee

Wazee wote wa jengo letu walikufa Jumamosi moja asubuhi, wakiwa wamekaa kwenye viti vya plastiki wakimenya machungwa.

Nilikuwepo. Rimoti nilikuwa nimeishika mimi.

Na kabla hujasema mzee huyu kaanza uongo wake, tulia. Walikufa, wakamaliza machungwa yao, wakarudi kula tambi.

Naitwa Tak Man-gyu. Nina miaka sabini na tatu. Nimeendesha basi la jiji hapa Daegu mpaka waliponinyang'anya usukani, na sasa kazi yangu ni kushinda kwenye chumba cha wazee, chini ya jengo letu, nacheza karata za maua na kuwaibia wenzangu.

Chumba chenyewe wala si kitu. Kuna sufuria la wali, televisheni inayokoroma, na sakafu inayopashwa moto kwa chini. Ila Januari ikifika, baridi ikakuuma mpaka kwenye meno ya bandia, ile sakafu ndiyo baba, ndiyo mama.

Sasa kamati ya wakazi ikataka kukigeuza kiwe chumba cha gofu.

Gofu ya ukutani. Unapiga mpira, unagonga turubai, picha ya uwanja inakudanganya kwamba wewe bingwa.

Sisi tuhamie kituo cha kata, ng'ambo ya barabara ya njia nane, ambako taa ya waenda kwa miguu inawaka kijani muda wa mtu kupiga chafya.

"Nusu yetu tutafia katikati ya lami," alisema dada Pyo Bun-rye, kiongozi wetu, miaka themanini na moja, mdomo kama wembe. "Nusu nyingine watafia ng'ambo, kwa kukosa wa kugombana naye."

Mwenyekiti wa kamati, bwana Maeng Ki-seop, akatupa nafasi ya kujitetea mkutanoni. Lakini kwa slaidi. Siku hizi bila slaidi hata uking'atwa na nyoka hakuna anayekuamini.

"Nani hapa anajua slaidi?" akauliza dada Bun-rye.

"Mimi," nikasema.

Nilikuwa sijui. Mdomo wangu una tabia ya kunitangulia.

Nikajifunza kwenye simu, video baada ya video, vijana wanaongea kama wanafukuzwa. Na nilipofika kwenye mandhari, ndugu zangu, nililewa. Unaandika maneno yako makavu, unabofya mandhari moja, kila kitu kinavaa: herufi, rangi, mistari. Ukibofya nyingine, vinavua vyote na kuvaa upya.

Nikabeba laptopu hadi chumbani. Wazee wakanizunguka.

"Hii ya mbao je?" nikauliza.

"Jeneza," akasema dada Bun-rye.

"Hii ya matone ya maji?"

"Toa haraka, kibofu changu kinaiona."

"Ya zambarau?"

"Ile saluni iliyofilisika pale kona."

Bibi Yeo Ok-ja, aliyekuwa pembeni anachanganya karata, akasema polepole, "Weka nyeupe na nyeusi. Tumeshazeeka, rangi za nini?"

Huyu bibi Yeo mshike akilini. Ndiye mama mzazi wa mwenyekiti Maeng. Mwana anataka gofu, mama anataka sakafu ya moto, na nyumbani kwao hilo jambo haligusiki mezani.

Basi nikatengeneza mandhari yangu mwenyewe. Nikaingia kwenye slaidi mama, ile ambayo ukiigusa watoto wote wanafuata, nikaweka herufi nene za kusomeka bila miwani. Nikafungua rangi za mandhari, vile visanduku vilivyopangwa mstari, nikavigeuza kimoja kimoja kuwa vyeusi na vya kijivu. Slaidi ya mwisho nikaweka wanachama wote, picha juu, jina chini.

Safi kama karatasi ya hospitali.

Sasa, mwenyekiti Maeng ana ugonjwa wa nembo. Kwenye lifti yetu halibandikwi tangazo bila mandhari ya kamati: nembo juu, mstari wa kijani, na maneno ya kutishia kwa wekundu. Mbwa atakayekojoa. Gari litakaloziba. Mkutano uliopita alimkatisha jamaa mmoja katikati ya hoja ya maegesho, akambadilishia mandhari mbele za watu, ndipo akamruhusu amalize kulia.

Na mimi, Jumamosi ile mkutanoni, sikufika hata slaidi ya pili.

"Mzee wangu," akasema, kwa adabu ya daktari wa meno. "Hii haina mandhari ya kamati."

"Nimeweka yangu, mwenyekiti. Wenzangu wanaona vizuri."

"Utaratibu ni utaratibu."

"Ningeomba usiiguse."

"Sekunde moja tu, mzee wangu."

Akainama, akabofya kwa mkono wake mwenyewe, ukumbi mzima unamwangalia. Nembo ikatua. Akajipangusa mikono kama aliyemaliza kuchinja.

Nikaendelea. Nikaeleza barabara, nikaeleza baridi, nikaeleza magoti. Wajumbe wako kwenye simu zao. Mmoja alikuwa anachagua fimbo ya gofu, niliiona.

"Na hawa," nikasema, "ndio mnaotaka kuwahamisha."

Nikabonyeza rimoti.

Majina yakatokea. Mekundu. Mekundu kama kimchi, ile kabichi yetu ya pilipili.

Wewe wa mbali utasema, kwani kuna nini? Huku kwetu jina la mtu aliye hai haliandikwi kwa wekundu. Wekundu ni wa waliokwisha kwenda. Na hapa kila jina lina picha juu yake, kama ukumbi wa msiba. Vilibaki maua na uvumba tu.

Chungwa la mtu likadondoka, likabingirika mpaka mbele.

"Nimekufa lini?" akauliza dada Bun-rye, sauti ya kawaida kabisa. "Mbona sikupewa taarifa?"

Nyuma yangu mzee mmoja akaanza kujipapasa kifua, kuhakikisha.

Mwenyekiti akarukia kompyuta. Akabofya mandhari ya kwanza iliyomjia.

Ya mbao.

Majina yakawa rangi ya udongo, juu ya mbao.

"Haya," akasema dada Bun-rye. "Sasa katuzika."

Hapo bibi Yeo akasimama. Alichukua muda, magoti yale. Ukumbi ukamngoja.

"Ki-seop."

"Mama."

"Ni mkono wako ulionigeuza mwekundu?"

"Mama, ni mandhari tu, imejibadili yenyewe..."

"Nimekuzaa, nikakulisha. Leo unaniua mbele ya majirani ili upige mpira ukutani."

Mwanaume wa miaka hamsini na kitu, suti kamili, akapiga magoti kwenye sakafu ya ukumbi.

Kura ikapigwa. Nani atanyoosha mkono wa gofu mbele ya marehemu wake? Hata yule wa fimbo alizima simu.

Chumba kikabaki chetu.

Tukarudi, tukachemsha tambi, tukafungua pombe ya mchele. Nikapigiwa makofi. Nikainama, nikashukuru, nikajiona waziri.

Dada Bun-rye akaja kukaa karibu yangu, na bakuli lake.

"We kijana."

"Naam, dada."

"Lile tangazo letu la kifo nililipiga picha. Nimewaangalia marehemu wote, mmoja mmoja." Akafyonza tambi. "Kuna mmoja hajafa."

Akanigeuzia simu.

Katikati ya ule wekundu wote: Tak Man-gyu. Jeusi tii.

Nikaweka vijiti chini.

Ngoja nikufunulie. Kwenye slaidi kuna rangi za namna mbili. Ipo iliyofungwa kwenye kisanduku cha mandhari. Mandhari ikibadilika, nayo inabadilika. Na ipo unayoichagua mwenyewe nje ya visanduku. Hiyo hata mandhari mia zipite, haitikisiki. Tangazo la mbwa walitutumia kwenye kundi la simu, likiwa slaidi yenyewe. Nililifungua, nikachungulia wekundu wa kamati unakaa kisanduku cha ngapi. Majina ya wenzangu wote nikayafunga pale pale.

La kwangu nikalichagulia nje.

"Ulijua atabofya," akasema.

"Nilimwomba asiguse."

"Ndiyo maana akagusa." Akanitazama. "Sisi wote ukatuua. Wewe ukajiacha."

"Dada, mimi naogopa kufa."

Akacheka mpaka akashika meno yake ya juu yasitoke. Kisha akaniinamia, na mimi nikajua nimekwisha.

"Bibi Yeo asijue. Ila kesho lete hiyo laptopu. Utanifundisha."

Nikamfundisha. Anashika haraka, bibi yule.

Leo mlangoni kwetu imebandikwa zamu ya kuosha masufuria. Mandhari nyeupe, herufi nene, majina meusi, kazi nzuri kabisa. Jina moja tu ni jekundu, na zamu yake haina siku ya kupumzika.

"Dada, mbona mimi?"

"Sijui, kijana. Mandhari imejibadili yenyewe."

Majira ya baridi ya tatu haya, mimi ni marehemu, nasugua masufuria, miguu yangu juu ya sakafu ya moto.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukipanga ujanja, jipake rangi moja na wenzako. Watu wakishtuka, huwa wanamtafuta yule aliyebaki msafi.