Kifaa Nilichorudi Nacho Kutoka Maskati

Siku ya kwanza kazini Maskati nilivaa tai. Nilikuwa na stashahada ya elektroniki niliyoisomea kwa jasho langu mwenyewe, nikataka ijulikane. Fundi Mkuu wa karakana ya mashine za michezo akanitazama, akasema, "Vua hiyo. Itanasa kwenye feni."

Mashine zile ni makabati yenye kioo cha picha na vifimbo vya kuchezea. Mtoto hutia sarafu akacheza. Ndani mna bodi iliyojaa chipu, na chipu moja ikifa, mchezo wote umekufa. Fundi Mkuu alinifundisha utaratibu: kwanza mita, ujue bodi inapata volti tano, kisha kalamu ya lojiki, kijiti chenye taa inayometameta pale mguu wa chipu unapofanya kazi, mwisho osiloskopu, inayochora mawimbi ya umeme kwenye kioo. Nilishika upesi kuliko wote, na mwenyewe alikiri.

Nilipoaga kurudi Pemba, bendera za vyama vingi zikianza kupepea kwenye maskani za kwetu, aliniambia, "Mita unayo. Katika viwili vilivyobaki chagua kimoja, zawadi yako."

"Osiloskopu, yakhe!" wenzangu wakapiga kelele. "Wakuone kwenu!"

Niliitamani, sikatai. Lakini ilitaka umeme wa ukutani, na wa kwetu ulikuwa mgeni, huja ukaondoka. Kalamu hutumia umeme wa bodi ileile inayopimwa. Nikachukua kalamu, wakanicheka hadi uwanja wa ndege.

Bi Zuwena, mjane wa Mkoani, alikuwa na mashine moja ya michezo, na riziki yake ilikuwa siku za Idi, watoto wanapojaa uwanjani Tibirinzi. Alasiri moja kabla ya sikukuu ikafa. Umeme nao umekatika.

"Fundi Hamadi, nasikia una diploma. Inakula betri?"

"Inakula, Bi."

Nikaleta betri ya gari, nikaupunguza umeme wake hadi volti tano, nikailisha bodi. Kalamu ikametameta mguu hadi mguu, kisha kwenye chipu moja ya kumbukumbu ikatulia tuli. Nikaing'oa, nikatia ya namna ileile kutoka bodi mbovu. Taa ya kalamu ikacheza.

"Imepona. Kioo tu ndicho kinachongoja umeme mkubwa."

"Hata kioo hujakiwasha! Ukinidanganya, Idi yangu imekwenda."

Asubuhi jenereta la uwanjani liliponguruma, kabati likawaka. Bi Zuwena alipiga vigelegele kabla sarafu ya kwanza haijaingia.

Sasa nimestaafu, na fundi wa kunishinda kisiwani sijamwona. Kijana akiniuliza anunue kifaa gani, namuuliza kwanza atakitumia wapi. Namshukuru Mungu, na Fundi Mkuu aliyeniacha nichague. Mashine ile ilimsomesha binti wa Bi Zuwena, leo ni muuguzi, ndiye anayenipima presha. Kila akinifunga kile kitambaa mkononi, namuuliza kama betri ni nzima. "Nzima, babu," hunijibu. "Nilijua utauliza."