Nusu ya Jina la Leso

Wiki ile Fadhiya alikuwa hakaliki. Akikaa mkekani, huinuka; akipanda ghorofani kuchonga penseli, hushuka kabla haijachongoka. Majirani wa mtaa wa Kuze walimwona akitoka na kurudi bila kununua hata kiberiti.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, naye alikuwa akimalizia chuo kikuu Nairobi, akisomea uchoraji. Wasichana wa mtaani mwao waliobahatika kufika huko walisomea ualimu au uuguzi, kwa hivyo Bimdogo, jirani wa mlango wa pili, hakuacha kumchokoza Mwanakuu, mamake Fadhiya.

"Mwanao akishahitimu, aje anipakie jiko langu chokaa."

"Atakuja," Mwanakuu alijibu, "lakini kwa masizi ya jiko lako, atataka shahada ya pili."

Mbele za watu alimkinga mwanawe hivyo. Wakibaki wawili, alinyamaza. Fadhiya alikuwa ameahidiwa kazi Nairobi, katika ofisi ya kuchora mabango na vitambaa, aanze akimaliza mtihani tu. Alimwambia mamake siku ile ile aliyofika likizo, akamwomba radhi ya kwenda. Mwanakuu akaendelea kuchagua mchele. Hakukataa, hakukubali. Na kwenda bila radhi ya mama ni kutia maji pakachani.

Juu ya hayo kulikuwa na kazi ya mtihani: picha ya mtu unayemjua sana, kwa rangi za maji. Mwalimu Kasyoka wa chuoni aliwaaga wanafunzi kwa neno lake la kila siku: "Chora unachokiona, si unachokijua."

"Mama, nikuchore?"

"Uso wangu hautundikwi kwenye kuta za watu."

"Basi nigeuzie mgongo."

Mwanakuu alicheka, mara ya kwanza tangu mwanawe afike. Akaingia chumbani, akakawia. Fadhiya alimsikia akifungua kasha, akilifunga, akilifungua tena. Alipotoka alikuwa amejifunga leso ambayo Fadhiya hakuijua, nyekundu yenye pindo jeusi. Akasimama dirishani, akampa mgongo.

Fadhiya alichora mpaka adhana ya alasiri. Maandishi ya leso aliyachora kama alivyofundishwa, kama maumbo tu: kijiti, duara, kijiti. Hakuyasoma.

"Umesoma?" Mwanakuu aliuliza bila kugeuka.

"Nimechora, mama."

"Miaka yote hiyo chuoni, na kusoma hujui?"

Fadhiya akarudi nyuma kidogo, akaisoma karatasi yake mwenyewe. SIKUZUII KWENDA. Brashi ikamponyoka. Akaushika mkono wa mamake, akaubusu. Mwanakuu akautoa taratibu, akaenda kutawadha.

Asubuhi leso ilikuwa imeanikwa uani, imetandazwa yote. Ndipo Fadhiya alipoona kuwa jina, yaani yale maandishi ya leso, lilikuwa refu. Wanawake hujifunga jina likakaa katikati, asome anayekuja nyuma. Mwanakuu alikuwa amelivuta upande, nusu ikaingia ndani ya mkunjo. SIKUZUII KWENDA, MOYO HAUJARIDHIKA.

Alimkuta mamake jikoni akikanda unga wa mahamri.

"Mama, leso nimeiona. Jina lote."

"Eeh."

"Sasa nishike neno lipi?"

Mwanakuu aliukunja unga, akaukandamiza kwa viganja. "Huyo mwalimu wenu huwaambia mchore nini?"

"Tunachokiona."

"Basi nami nilijifunga kwa kusudi. Niliyotaka uyaone nilikuonyesha. Hayo mengine ni yangu, niachie."

Fadhiya akapanda ghorofani. Picha ilikuwa imekauka. Alitia weusi kidogo pale penye mkunjo, akaufuta kwa kitambaa, akatia tena. Basi la Nairobi lilikuwa la jioni na mkoba ulikuwa bado wazi kitandani. Alikunja gauni, akalikunjua. Akashuka mpaka nusu ya ngazi.

"Mama, nikija Idi nitaikuta leso ile?"

"Ikichujuka utanichorea nyingine," Mwanakuu alijibu toka jikoni. "Si ndiyo kazi unayoiendea?"

Fadhiya akabaki mguu mmoja juu, mmoja chini, hajui apande akafunge mkoba au ashuke akasaidie kusukuma mahamri.